Mradi wa mlipuko wa ugonjwa ukija mwaloni, wamama mdai hivi

Dada zangu wa mialo ya Mwanza, Kirumba, Igombe na visiwa vya Ziwa Victoria, mradi wa kipindupindu ama Marburg (ile homa kali ya virusi) ukija na hela za nje, cha kwanza ulizeni hela ni za nchi gani, maana Uswidi ilitangaza sera ya nje ya kifeministi, yaani inayotanguliza haki za wanawake, 2014 (2022 serikali mpya ikaiacha), Kanada nayo 2017 ikaweka sera ya misaada inayotanguliza usawa wa wanawake, so kama ni nchi ya aina hiyo waambieni maofisa wa mradi, ahadi si mliandika wenyewe, tuonyesheni hapa.

Halafu muda wa kikao, hapa ndo tunapigwa sana. Wakiita saa tatu asubuhi wewe ndo unaanika dagaa, ukiacha mvua ikanyesha mzigo umeharibika, utaenda kikaoni kweli? Ombeni jioni dagaa wakishaanuliwa, na muombe watoto waruhusiwe kuja.

Mkiwa ndani daini vitu vinavyoonekana: takwimu za wagonjwa zitenganishwe wanawake na wanaume, glavu na sabuni zifike hadi kwa anayeuguza nyumbani maana mara nyingi ni mama au binti, kliniki ya wajawazito na uzazi wa mpango isifungwe, na binti anayepigwa au kubakwa kipindi hicho ajue aende wapi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipwe, jamani, kujitolea kumezidi.

Mwisho hakikisheni yote yameandikwa kwenye muhtasari wa kikao, muombe nakala, mtendaji aigonge muhuri.