Jinsi ya Kuwasaka Tribune Girls Kwenye Magazeti ya Zamani

Nilipoanza kuwasaka Philadelphia Tribune Girls, timu ya mpira wa kikapu ya wanawake Weusi wa Philadelphia, Marekani, ya miaka ya 1930, niliandika "Tribune" kwenye kisanduku cha kutafutia cha gazeti la Philadelphia Tribune. Loo! Kila ukurasa ukaja, hadi matangazo ya kofia. Gazeti ndilo lililoifadhili timu na kuipa jina lake, nami Jumamosi nzima ikapotea.

Basi anza na wapinzani. Andika "Bennett" na "Greensboro", chagua Machi 1934. Hapo kuna mechi tatu dhidi ya Bennett College, chuo cha wanawake Weusi mjini Greensboro, North Carolina, na Tribune walishinda zote. Kisha rudi hadi 1930 utafute "Hornets", timu ya Germantown, mtaa wa Philadelphia, iliyolelewa na tawi la Weusi la YWCA, chama cha wanawake Wakristo. Ora Washington, nyota wa Tribune, aliichezea kwanza kabla ya kuhamia huko.

Ukipata jedwali la pointi, tulia nalo. Huandikwa jina la ukoo tu, kisha herufi ya nafasi anayocheza: "Washington, c" ni senta, mchezaji wa kati. Zinafuata safu tatu. G ni vikapu, F ni mitupo huru iliyoingia, P ni jumla. Mimi F niliisoma kama faulo kwa wiki kadhaa, nikamdhania Ora mkorofi, maskini! Zidisha G kwa mbili, ongeza F. Isipofika P, ama mpanga chapa alikosea, ama wino umefifia na 3 unaisoma 8.

Hesabu pia majina ya kila timu, ukiwatoa wachezaji wa akiba. Wakiwa sita, hizo ni kanuni za wanawake: uwanja umegawanywa, mlinzi havuki mstari, kwa hiyo sifuri yake si uzembe. Wakiwa watano ni kanuni za wanaume, ambazo Tribune walizicheza pia. Usilinganishe pointi za mechi za aina hizo mbili.

Msimu wa kikapu ukiisha, hamia kurasa za tenisi. Ora alikuwa bingwa wa wanawake, mchezaji mmoja mmoja, wa American Tennis Association, chama cha tenisi cha Weusi, mfululizo kuanzia 1929 hadi 1935, tena 1937. Wenzake wakikupotea ghafla, angalia habari za harusi. Huenda jina limebadilika.

Kwenye sensa usitarajie neno "mwanamichezo", kwani Ora aliishi kwa kazi za ndani. Na tanzia itafute mapema. Mwaka 1976 aliingizwa kwenye Black Athletes Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa wanamichezo Weusi, waandaaji wakidhani yu hai. Alikuwa amefariki tangu 1971.