Namna ya Kuchagua Vyombo Imara vya Kuhifadhia Chakula Jikoni: Tuanze na Mfuniko

Mahindi na maharage ya Nyanda za Juu Kusini hukaushwa wakati wa kiangazi, kisha hulazimika kukaa stoo na jikoni katika majira marefu ya mvua yanayoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo adui mkuu wa chakula katika nyumba za Mbeya, Iringa na Njombe ni unyevu, na upande wa Tukuyu, ambako mvua haikatiki kwa urahisi, unga ulioachwa wazi hushika mabonge na kunuka kabla haujafika nusu. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Mbeya na huwafundisha pia akina mama namna ya kupanga jiko, na ushauri ninaoutoa kabla ya mwingine wote ni huu: unapochagua chombo, kagua mfuniko kwanza, kisha ndipo uangalie mwili wa chombo, rangi na bei yake.

Hatua ya kwanza: pima chakula kabla ya kwenda sokoni

Andika unachohifadhi, kiasi chake na muda kinaokaa ndani. Wengi hununua seti ya vyombo vitano vinavyoingiana kwa sababu inapendeza, kisha wanagundua kwamba hakuna hata kimoja kinachotosha mfuko wa unga. Lita moja ya ujazo hubeba takriban gramu 600 za unga wa mahindi, na takriban gramu 800 za mchele au maharage. Maana yake, kilo 5 za sembe zinahitaji chombo cha lita 8 hadi 9, ilhali kilo 5 za mchele wa Kyela au Mbarali zinaenea katika chombo cha lita 7.

Usinunue chombo kikubwa kuliko mahitaji kwa kudhani kwamba nafasi ya ziada haina gharama. Kila unapofungua, hewa yenye unyevu huingia na kujaza nafasi hiyo, nawe unaifungia humo pamoja na chakula. Ni afadhali kuwa na chombo kikubwa cha stoo kinachofunguliwa mara moja kwa juma na kidogo cha jikoni kinachofunguliwa kila siku. Unga wa dona upewe chombo kidogo zaidi, kwa kuwa kiini cha punje hubaki na mafuta yake na unga huo huchacha mapema kuliko sembe.

Hatua ya pili: kagua mfuniko kwa mikono yako

Mfuniko wa kubandika tu, ule unaokaa juu ya ndoo bila mpira wala kufuli, unafaa kuzuia vumbi na nzi, lakini haufai kwa unga, sukari wala karanga za kukaa muda mrefu. Mfuniko wa kuzungusha ni mzuri iwapo mizunguko yake ni mirefu na inashikana bila kuruka. Ufunge na kuufungua pale pale dukani, na ukihisi kwamba unapanda upande mmoja, uache. Mfuniko wenye kufuli za pembeni hubana vizuri kuliko yote, ila udhaifu wake uko kwenye bawaba za kufuli hizo, kwa hiyo zikunje na kuzikunjua, kisha utazame mstari wa mkunjo. Ukiona weupe unaanza kujitokeza hapo, plastiki hiyo imeshaanza kuchoka na kufuli itakatika.

Chunguza pia mpira unaozunguka ndani ya mfuniko. Mpira wa silikoni ni laini, hurudi katika umbo lake ukiuvuta, na haukauki upesi kama mpira wa kawaida. Uwe unatoka, kwa sababu chini yake ndipo maji ya kuoshea na chembe za chakula hujificha na kuota ukungu. Mpira uliogundishwa moja kwa moja hauwezi kusafishwa ipasavyo, na kwa sababu hiyo mimi siununui hata ukiwa wa bei nafuu.

Kipimo cha mwisho ni cha maji. Jaza chombo nusu, kifunge, kifute kikauke kabisa kwa nje, kisha kilaze juu chini kwenye karatasi kavu kwa dakika chache. Tone moja likionekana kwenye karatasi, hewa yenye unyevu nayo itapita. Muuzaji wa Mwanjelwa au wa soko kuu la Iringa anayeiamini bidhaa yake hakatai ombi hilo, na akikataa, waulize wengine.

Hatua ya tatu: soma alama zilizo chini ya chombo

Vyombo vingi vya plastiki vina pembetatu ndogo yenye namba kwenye kitako. Namba 5 ndiyo ninayoipendelea kwa matumizi ya kila siku, kwa kuwa plastiki hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi na hustahimili chakula cha moto. Namba 2 ni ngumu na inafaa kwa ndoo za nafaka na madumu ya maji. Kwa friza, chagua namba 2 au 4, maana namba 5 hukakamaa kwenye baridi kali na kupasuka ikianguka. Namba 1 ni ile ya chupa za maji za dukani: hulegea kuanzia nyuzi 70 hivi, na maji ya Mbeya, ambayo kwa sababu ya mwinuko wa mita 1,700 huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, bado ni moto mno kwake. Namba 3 na 6 ziache kabisa kwa chakula. Namba 7 hujumuisha plastiki za aina mbalimbali, mojawapo ikiwa ile yenye kemikali ya BPA, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chupa za watoto mwaka 2011, kwa hiyo bila maelezo mengine usiitumie kwa chakula cha moto.

Tafuta pia mchoro wa glasi na uma, unaomaanisha kwamba chombo kimetengenezwa kwa ajili ya chakula. Kisha nusa ndani. Chombo kipya chenye harufu kali ya plastiki kitaipeleka harufu hiyo kwenye mchele wako.

Chupa za vioo hazishiki harufu wala rangi, nazo ndizo ninazowekea viungo, asali, usipa wakavu na mafuta ya mawese, ambayo hutia plastiki rangi isiyotoka. Tatizo lake ni mshtuko wa joto: asubuhi ya Juni au Julai, kioo kilicholala kwenye rafu baridi kinaweza kupasuka ukikimiminia kitu cha moto ghafla, kwa hiyo kisuuze kwanza kwa maji ya vuguvugu. Ukichemsha chupa tupu za jamu ili kuua vijidudu, kanuni ni dakika 10 karibu na usawa wa bahari na dakika moja zaidi kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa Mbeya zisipungue dakika 16, na Njombe zaidi ya hapo. Kuchemsha huko hakutoshi kwa maharage au nyama iliyopikwa unayotaka kuifungia kwenye chupa na kuiacha rafuni, kwa sababu mbegu za bakteria wa botulini hustahimili maji yanayochemka.

Chuma cha pua, ambacho wauzaji wengi hukiita stenlesi, hudumu kuliko vyote. Sufuria za alumini zibaki kupikia; nyanya, ndimu, togwa na maziwa mgando huila alumini vikilala ndani yake.

Hatua ya nne: chombo kilichowahi kutumika kina historia yake

Hapa naomba msomaji asifanye haraka. Katika maeneo yetu ya viazi, mahindi na nyanya, vyombo vya viuatilifu vimezagaa, na baadhi ni madumu imara yenye mifuniko mizuri kuliko mingi ya dukani. Hakuna uoshaji wa jikoni unaoweza kuvifanya salama, kwa kuwa sumu huingia ndani ya plastiki yenyewe na hutoka kidogo kidogo, hasa kwenye mafuta. Chombo cha aina hiyo kitobolewe kisiweze kutumika tena, na kisipewe jirani wala mtoto wa kuchotea maji.

Ndoo na sado zilizokuwa za rangi nazo zisiwekwe chakula, ijapokuwa zimezoeleka masokoni kama vipimo. Kupimia maharage kwa dakika moja na kuyalaza humo miezi sita ni mambo mawili tofauti. Ukihitaji ndoo kuukuu, tafuta iliyokuwa na mafuta ya kula au bidhaa za mkate, na uhakikishe kwa macho kwamba lebo yake bado inasomeka.

Hatua ya tano: kausha kabla ya kufunga

Mfuniko unaozuia unyevu kuingia huuzuia pia kutoka, hivyo nafaka isiyokauka ikifungiwa huota kuvu upesi zaidi kuliko iliyoachwa wazi. Baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi hadi theluthi yake pamoja na kiganja cha chumvi kavu, tikisa dakika chache, kisha utazame. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Hata isipoganda, anika tena siku moja au mbili, maana kiwango kinachofaa kwa mahindi ya kuhifadhi ni asilimia 13 hivi.

Kwa magunia, mifuko ya PICS ndiyo chaguo langu: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya kiroba cha kusukwa. Kila mfuko hufungwa peke yake baada ya kubana hewa yote, na wadudu, akiwamo dumuzi anayetoboa hata mbao, hukosa hewa na kufa bila dawa. Weka mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta. Familia yenye mavuno mengi inaweza kufikiria kihenge cha chuma.

Viazi mviringo na vitunguu havitaki kufungiwa kabisa. Vinahitaji hewa na giza, na kikapu cha mianzi au cha milulu kutoka Iringa kinavifaa kuliko chombo chochote cha plastiki.

Hatua ya sita: chakula kilichopikwa

Chagua vyombo vipana na vifupi, chakula kisizidi kina cha sentimita 5, kipoe upesi na kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Wali unaopoa taratibu ndani ya ndoo ndefu huwapa bakteria nafasi nzuri ya kuzaliana, na baadhi huacha sumu isiyoondoka kwa kupasha moto.

Hatua ya saba: kutunza ulichonunua

Osha kwa sponji laini, kwa kuwa steeliwaya hukwaruza plastiki na mikwaruzo hiyo hushika mafuta na vijidudu. Kausha chombo kikiwa kimeinamishwa kivulini. Jua kali la milimani hukausha plastiki hadi ikavunjika. Usimimine unga mpya juu ya wa zamani: maliza, osha, kausha, kisha jaza, na ubandike karatasi yenye tarehe. Mara moja kwa mwezi toa mpira wa mfuniko, uoshe, na urudie kipimo cha maji. Mpira ukishindwa, uulizie kwa muuzaji kabla ya kutupa chombo kizima, kwani baadhi huuza mipira na mifuniko peke yake.