Kuzuia Moto wa Petroli katika Volkswagen Beetle ya Zamani

Mwenye Volkswagen Beetle ya zamani hushughulikia rangi, viti na mlio wa injini mapema sana, lakini huchelewa kuzikumbuka lita 40 hivi za petroli zilizo mbele ya magoti yake. Tangi la gari hili limekaa chini ya boneti ya mbele ilhali injini iko nyuma kabisa, kwa hiyo petroli husafiri karibu urefu wote wa gari kupitia bomba jembamba la chuma lililofichwa katikati ya sakafu. Tangi lisilo na kutu ni imara, na ni nadra moto kuanzia hapo. Kinachowaka kwa kawaida ni petroli iliyovuja kwenye vipande vifupi vya mpira vinavyounganisha tangi na bomba, bomba na pampu, na pampu na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini). Njia bora ya kazi ni kuifuata petroli tangu inapotoka hadi inapochomwa, bila kuruka kiungo chochote.

Kazi ifanyike nje, injini ikiwa imepoa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya katika shimo la gereji bila kuonekana. Tenganisha waya wa hasi wa betri kwanza, weka mbali sigara na jiko la mkaa, kisha mwaga petroli katika chombo cha chuma chenye kifuniko.

Tangi limeshikwa na boliti 4, hivyo kulitoa si kazi kubwa. Likaguliwe upande wa chini, ambako unyevu hukaa, na ndani, ambako maji yaliyotuama chini ya petroli huanzisha kutu. Likiwa limetoboka, lisipelekwe kwa fundi wa kuchomelea wa kawaida, hata akisema amelisuuza. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ukichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 1.4 na 7.6 huweza kulipuka kwa cheche moja, na petroli iliyojificha katika kutu na maungio hutoa mvuke upya chuma kinapopata joto. Tangi jipya ni gharama, lakini kwa maoni yangu ndilo jibu pekee la busara kwa tangi lililoliwa na kutu.

Kuanzia modeli ya 1968, mdomo wa kujazia mafuta ulihamishiwa nje, ubavuni kulia, na ukaunganishwa na tangi kwa mpira mnene pamoja na mipira myembamba ya kupumulia. Harufu ya petroli ikisikika ndani ya gari mara baada ya kujaza tangi, shaka ya kwanza iwe hapo, na ya pili iwe gasketi ya kipimo cha mafuta kilicho juu ya tangi. Waya za dashibodi ziko karibu mno na sehemu hiyo; kila waya uliochubuka ubadilishwe, na zile waya za redio au kengele ya wizi zilizoungwa kwa kusokotwa ziondolewe kabisa.

Mipira yote ya mafuta ibadilishwe kwa pamoja, ukiwemo ule mfupi ulio chini ya tangi na ule ulio karibu na giaboksi, ambao wengi huusahau kwa kuwa hauonekani bila kuingia uvunguni. Mpira wa asili umevikwa kitambaa, nacho huficha nyufa hadi siku unapopasuka. Nunua mpira ulioandikwa SAE J30R9, alama ya kiwango cha mipira ya mafuta, unaostahimili petroli yenye ethanoli. Jambo hilo lina uzito zaidi kwa walio Uingereza, ambako petroli ya E10 (yenye ethanoli hadi asilimia 10) ilianza kuuzwa kama petroli ya kawaida mwaka 2021. Kipenyo kilingane na bomba, na kila ncha ifungwe kwa klampu isiyokata mpira.

Kwenye chumba cha injini ndiko penye hatari kubwa zaidi. Kwanza, bomba la mafuta hupita katika tundu la bati la injini, na tundu hilo lazima liwe na mpira wa kinga, la sivyo bati hulisugua bomba kila gari linapotikisika. Pili, mafundi wengi hupenda kuweka chujio la plastiki kati ya pampu na kabureta kwa sababu ni rahisi kulifikia. Huko linaning'inia juu ya injini yenye joto na uzito wake unavuta viungo. Lihamishiwe mbele karibu na tangi, au chini karibu na giaboksi. Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, kibomba cha shaba kinachoingiza petroli katika kabureta kimeshindiliwa tu, hakina nyuzi za skrubu. Baada ya miaka mingi hulegea na kuchomoka, na pampu ikaendelea kurusha petroli kuelekea kwenye distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) yenye cheche. Kizungushe kwa vidole: kikisogea hata kidogo, kabureta itolewe na kibomba kiwekwe kipya chenye nyuzi. Gundi si matengenezo.

Tangi likiwa limejaa, petroli huweza kuendelea kutiririka kwa uzito wake hata injini ikizimwa, ikiwa mpira wa nyuma umekatika au umeungua. Kwa hiyo inafaa kufunga chini ya tangi vali ya umeme inayojifunga yenyewe swichi ya gari inapozimwa. Aliyeweka pampu ya umeme aongeze swichi inayokata umeme gari linapogongwa. Nayo betri, iliyo chini ya kiti cha nyuma, ifunikwe kwa kifuniko kisichopitisha umeme, kwa maana springi za kiti zikikandamizwa na abiria mzito hugusa vichwa vya betri na kuwasha godoro la kiti.

Mtungi wa kuzimia moto wa unga wa kilo 2 ufungwe mahali dereva anapofikia akiwa amekaa, si chini ya boneti lilipo tangi. Moto ukianzia nyuma, zima swichi, toa watu wote, kisha puliza unga kupitia matundu ya hewa ya kifuniko cha injini na kutokea chini, bila kukifungua kifuniko wazi, kwa sababu hewa mpya huuchochea. Fanya haraka: ganda la injini hii limetengenezwa kwa aloi ya magnesi, ambayo ikishika moto hung'aa mweupe mkali na huwaka kwa nguvu zaidi ikimwagiwa maji. Ikifikia hapo, ondoka, wazuie watu wasisogee, na waeleze zimamoto wanapofika kwamba kinachowaka ni magnesi.