Jinsi ya kuchambua sababu za Vita Kuu ya Kwanza

Anza na kalenda ya 1914. Andika: 28 Juni, Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, auawa Sarajevo, Bosnia, 28 Julai, Austria-Hungaria yatangaza vita dhidi ya Serbia, 30 Julai, Urusi yaamuru jeshi lote liitwe, 1 Agosti, Ujerumani yatangaza vita dhidi ya Urusi, 4 Agosti, Uingereza yaingia, Ubelgiji ikiwa imevamiwa. Kila tarehe iulize: nani aliamua, na aliogopa nini?

Kisha rudi nyuma, upange sababu za muda mrefu kwa mafungu. Kwenye siasa weka Alsace-Lorraine, eneo la Ufaransa lililotwaliwa na Ujerumani 1871. Kwenye uchumi, gharama za kushindana kuunda manowari.

Usitegemee mikataba peke yake. Italia ilifungamana na Ujerumani tangu 1882, lakini 1914 ilikaa pembeni na 1915 ikapigana upande wa pili.

Wengi hukosea kwa kudai kwamba kugombea Afrika kuliwasha vita moja kwa moja. Kwa mfano, mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 ulikwishaamua Zanzibar iwe chini ya Uingereza. Ugomvi wa makoloni, hasa wa Ujerumani na Ufaransa kuhusu Moroko 1905 na 1911, ulilimbikiza uhasama. Cheche ilitoka Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya. Kuni, yaani sababu za muda mrefu, ziandike kando na kiberiti, yaani tukio lililowasha vita.