Una sukari? Anza kulinda figo saa hii, usingoje miguu ivimbe

Ndugu zangu wenye sukari na nyinyi mnaokaa na wazee wenye sukari, hii someni pole pole. Figo ikiharibika na sukari haiumi. Unaweza kukaa miaka unapanda boda unaenda kazi, unakula matoke yako, unaona mwili uko sawa, kumbe ndani mambo yanaharibika, halafu unakuja kushtuka miguu imevimba, mkojo unatoa povu, na daktari anakwambia habari ya dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, kule hospitali ya Kiruddu, Kampala.

Kila figo ina vichujio vidogo sana karibu milioni moja. Sukari ikikaa juu kwenye damu inaviumiza pole pole, presha nayo inavisukuma, basi vinaanza kuvuja protini inayoitwa albumini.

Kwa hiyo cha kwanza ni kipimo. Mwenye sukari aina ya pili apime tangu siku anayoambiwa ana sukari, na kila mwaka baada ya hapo, wa aina ya kwanza aanze akishafika miaka 5 na ugonjwa. Na sikiliza vizuri hapa maana ndipo wengi wanapotea: kile kikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo hakioni albumini ikiwa bado kidogo, unaambiwa uko sawa unarudi nyumbani na furaha. Omba kipimo cha albumini na kreatinini (taka ya mwili inayotolewa na figo) ya mkojo. Chini ya 30 mg/g ni sawa, ikipita rudia tena ndani ya miezi 3, maana homa ama infeksheni ya mkojo inaweza kuipandisha. Pia wapime kreatinini ya damu wakupe ile namba ya GFR, inayoonyesha figo zinachuja damu kiasi gani, ikikaa chini ya 60 miezi 3 figo ina shida.

Albumini ikivuja na presha iko juu, daktari mara nyingi anaandika losartan ama enalapril. Usiziache ati presha imeshuka, hizo zinalinda figo pia. Mwenye mimba ama anayetaka kushika mimba amwambie daktari mapema, hazimfai. Presha jaribu ikae chini ya 130/80, chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na hiyo ni pamoja na ile ya kwenye mchuzi.

Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa, zile za mgongo na magoti, tafadhali usizizoee. Na dawa za chupa za taksi paki zinazosema zinaosha figo, mi naomba muziache kabisa, hakuna anayejua ndani mna nini.

Kitu kingine: kama unachoma insulini na sukari imeanza kushuka shuka yenyewe, unatetemeka na jasho, na hujabadilisha chakula wala dozi, usishangilie ati umepona. Figo ikichoka insulini inakaa mwilini muda mrefu. Kunywa kitu cha sukari hapo hapo, halafu nenda kliniki wakupime figo na waangalie dozi upya.