Uvimbe wa Kizazi, Endometriosisi na Kutafuta Mtoto: Namna ya Kujiandaa Kumwona Daktari

Mwanamke wa Tanga anayeumwa na tumbo la hedhi hadi kushindwa kusimama huambiwa mapema kwamba ana chango, hupewa dawa ya kuchemsha, kisha huhakikishiwa kwamba akishazaa maumivu yatakwisha. Miaka ikipita bila mimba, dawa huongezwa. Miongoni mwa maradhi yanayoweza kuwa chanzo cha hali hiyo yamo uvimbe wa kizazi (fibroidi) na endometriosisi (tishu kama za utando wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake), maradhi ambayo hupimwa na kutibiwa kwa njia tofauti, na mgonjwa anaweza kuwa nayo yote mawili kwa pamoja.

Anza na daftari. Kwa hedhi mbili au tatu, andika tarehe ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya pedi au vitambaa vya khanga ulivyobadilisha kila siku, kama damu ilitoka na mabonge, na maumivu yalianza lini. Hedhi inayozidi siku 7, pedi inayolowa chepechepe ndani ya saa moja au mbili, tumbo kujaa chini ya kitovu na kukojoa mara kwa mara ni dalili zinazoelekeza zaidi kwenye uvimbe. Maumivu yanayotangulia damu kwa siku kadhaa, yanayoshuka kiunoni na kuzidi wakati wa tendo la ndoa au wa haja kubwa, huelekeza zaidi kwenye endometriosisi. Mambo haya mawili ya mwisho wengi huona haya kuyataja, nayo ndiyo daktari anayoyahitaji sana. Yakiwa yameandikwa, unaweza kumpa daftari ayasome mwenyewe.

Kwa kawaida wenza hushauriwa kwenda kupimwa baada ya kutafuta mimba kwa mwaka mmoja, au miezi 6 ikiwa mwanamke ana umri wa miaka 35 au zaidi, ingawa mwenye dalili hizo hana haja ya kungoja. Anayetoka Pangani au Muheza anaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu, akaomba rufaa ya kwenda kwa daktari wa wanawake katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Mume naye apimwe mbegu, baada ya kujizuia na tendo la ndoa kwa siku 2 hadi 7. Kuwa na mtoto wa ujanani si cheti cha uzima wa leo.

Altrasaundi huonyesha uvimbe wa kizazi vizuri. Ukipewa majibu, usiishie kuuliza ukubwa wake. Uliza umekaa wapi. Uvimbe mdogo unaochomoza ndani ya mji wa mimba unaweza kuzuia mimba isijishike au kuiharibu, ilhali mkubwa ulioota upande wa nje huenda usihusike kabisa na kuchelewa kwa mtoto. Ulio katikati ya ukuta wa kizazi hutegemea kama unabana nafasi ya ndani au mlango wa mrija wa uzazi. Wanawake wengi wenye uvimbe hushika mimba bila upasuaji wowote, kwa hiyo yeyote anayekuharakisha kisuni aulizwe kwanza swali hilo la mahali.

Endometriosisi ni ngumu zaidi kuonekana. Tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, kwenye vifuko vya mayai, kwenye mirija au nyuma ya kizazi, zikaleta makovu yanayogandisha viungo hata mrija ukashindwa kulipokea yai. Inakadiriwa kuwapata takriban wanawake 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Altrasaundi inaweza kuonyesha uvimbe wenye damu nzito katika kifuko cha mayai, lakini madoa madogo huyakosa. Hivyo majibu yanayosema kila kitu ni safi, huku maumivu yakiendelea, si mwisho wa uchunguzi. Uliza kuhusu upasuaji wa matundu madogo, unaomwezesha daktari kutazama ndani ya tumbo, ambao huenda ukakufikisha Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa rufaa.

Mwambie daktari waziwazi kwamba unatafuta mtoto. Vidonge na sindano za homoni zinazotuliza endometriosisi huzuia mimba kwa muda wote wa kuzitumia, na nimeona wanawake wakimeza vidonge hivyo huku wakihesabu siku za kupata ujauzito. Dawa za kuweka ukeni ziache: haziyeyushi uvimbe, na zinaweza kuleta maambukizi.

Ukiamua kufanyiwa upasuaji, hakikisha imeandikwa kwamba unaondolewa uvimbe na kizazi kinabaki, na upimwe wingi wa damu mapema, kwa kuwa anayetokwa na damu nyingi kila mwezi mara nyingi huwa ameishiwa. Baadaye uliza usubiri miezi mingapi kabla ya kutafuta mimba, kisha omba ripoti ya upasuaji na uiweke pamoja na kadi ya kliniki: kina cha mshono kwenye ukuta wa kizazi ndicho kitakachomsaidia daktari kuamua kama utazaa kwa njia ya kawaida au kwa kupasuliwa.