Si kila ugomvi ni "fight"

Wanafunzi ninaowafundisha hapa Mbeya, wakitaka kusema "kugombana" kwa Kiingereza, wanakimbilia "fight". Juzi binti mmoja kaandika insha ya kina mama wawili soko la Mwanjelwa: mmoja kadai debe la viazi halikujaa, mwenzake kamjia juu. Hakuna aliyemgusa mwenziwe, lakini insha inasema "they fought". Msomaji hapo anaona ngumi! Ni kweli "fight" husemwa pia kwa ugomvi wa maneno, hasa wa mke na mume, ila kwenye mtihani au maelezo ya polisi usibahatishe. Andika "they quarrelled" au "they argued". Na "argument" mwangalie vizuri, maana ni pia hoja unayoitoa kwa utulivu kabisa kwenye mdahalo.

"Scuffle" ni kusukumana na kukunjana mashati kidogo tu. "Brawl" ni ngumi za hadharani, na makelele. "Feud" ni uhasama wa miaka, kama koo mbili zinazogombea mpaka wa shamba.

Linalowaangusha wengi ni "row". Likiwa ugomvi tamka "rau". Likiwa mstari wa mahindi, "rou". Herufi ni zile zile, kwa hiyo lifundishe kwa sauti.